Mjadala: Pikapu zilizoshushwa ziruhusiwe barabarani au zikamatwe?

Mwanzisha mada:

Wakuu, habari za kazi. Suala hili limenigusa mwenyewe, kwa hiyo nitasema wazi ninaposimama. Kuna wanaotaka trafiki akamate kila pikapu iliyoshushwa, yaani iliyopunguzwa kimo ikae karibu na ardhi. Kuna wanaosema gari ni la mtu na hela ni yake, aachwe. Mimi nasema zisikatazwe, ila isitoke gereji hata moja kabla breki zake za nyuma hazijapimwa upya.

Nina Hilux ya zamani, nasambaza gesi Dar. Mtungi wa kilo 38, hizo kilo ni za gesi tu, chuma chenyewe hujakihesabu. Vijana wangu walikuwa wanauinua mpaka usawa wa kifua, mara ishirini kwa siku. Nikapeleka gari likashushwa inchi 3 nyuma na inchi 2 mbele. Kupakia kukawa rahisi kweli, na kwenye kona gari likatulia.

Wiki chache baadaye natoka Mbezi kuelekea Kimara, gari tupu, manyunyu yameanza. Bajaji ikaingia mbele yangu, nikakanyaga breki. Tairi za nyuma zikafunga, gari likageuka likaangalia nilikotoka. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Fundi mwingine alipoingia chini alinionyesha kifimbo kilichofungwa kwenye ekseli ya nyuma kikapanda mpaka kwenye valvu ya breki juu ya chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba bodi. Hakuna aliyekigusa siku ya kushusha.

Kazi ya kifimbo hicho ni kuiambia valvu gari limebeba kiasi gani. Ukipakia, chesisi inashuka, kifimbo kinasukumwa, valvu inaruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Sasa ukishusha gari inchi 3 na kifimbo ukakiacha, valvu inaamini umebeba mzigo siku zote. Nyuma hakuna uzito, breki zinashika kama za gari lililojaa. Ndiyo maana nilizunguka. Karibuni mchangie.

Dereva wa Kibaha:

Pole sana mkuu, ila kisa chako kinaniunga mkono mimi. Zikamatwe. Pikapu ya namna hiyo imeundwa kubeba kama tani moja, na springi inahitaji nafasi ya kushuka na kupanda. Ukishusha, ile nafasi umeila kabla hujapakia hata gunia moja. Ukipita kwenye rasta na mzigo, ekseli inagonga chesisi. Mvua ikinyesha, Jangwani utapitaje? Injini itavuta maji kabla ya wenzako. Na barabara zetu za mitaani mnazijua, lami inaisha unakutana na shimo. Mtu anayetaka gari la chini anunue gari dogo la kutembelea.

Kijana wa Mbezi:

Kaka, nakuheshimu, ila kuna jambo moja watu wanalikosea kila siku. Kwenye pikapu ya ekseli nzima nyuma, ukishusha springi difu haishuki. Difu, ile bonge la gia katikati, iko kwenye ekseli, na ekseli inakaa juu ya tairi. Urefu wake kutoka ardhini unabadilishwa na ukubwa wa tairi, basi. Kinachoshuka ni chesisi, ekzosi, tangi la mafuta na sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Kwa hiyo kusema "itagusa kila kitu" si kweli. Itakayokusumbua ni tumbo la gari juu ya tuta refu.

Na mimi nashusha kwa uzuri, sioni aibu kusema. Pikapu iliyokaa vizuri juu ya rimu zake inanipendeza kuliko gari lolote. Vijana wa California nao wameshusha pikapu hizihizi ndogo za Kijapani, Toyota, Datsun, Mazda, tangu miaka ya 1970 na 1980. Kwao kulikuwa na sheria ya kupimika: gari lililobadilishwa lisiwe na sehemu yoyote, ukiacha magurudumu, iliyo chini ya ukingo wa chini wa rimu. Maana yake, tairi likiisha upepo, gari lianguke juu ya rimu, lisiburuze chesisi. Sheria ile ilitungwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na imefutwa kuanzia Januari 2024. Waliifuta kwa sababu ilikuwa imegeuka fimbo ya kuwapigia vijana, hasa wenye asili ya Meksiko. Tukisema "zikamatwe zote" bila kipimo, tutafika hukohuko: trafiki ataangalia sura ya dereva kabla ya kuangalia gari.

Fundi wa Gerezani:

Nimefungua magari ya aina hii miaka mingi, niruhusuni niseme kirefu kidogo.

Kushusha si kitu kimoja. Mbele, pikapu nyingi za zamani, kama D-Max ya kwanza na Navara D22, zina vyuma virefu vinavyojikunja badala ya springi ya koili. Unalegeza boliti mbili, gari linashuka dakika kumi, mteja anafurahi. Chuma hakijabadilika ugumu, ila mkono unaoshika gurudumu umesogea karibu na mpira wa kugotea, na kila shimo sasa linapiga hapo. Hilux za kuanzia Vigo zina koili mbele. Hapo ndipo watu wanakata koili kwa grainda. Naomba kwa dhati muache. Koili iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi, na gurudumu likining'inia inaweza kutoka kwenye kikombe chake. Nunua koili fupi iliyotengenezwa hivyo, na shokapu za urefu wake.

Nyuma kuna springi za bapa. Zikiwa juu ya ekseli, wengine wanazihamishia chini yake, ekseli inakaa juu ya springi. Gari linashuka kwa kishindo, inchi 5 hata zaidi, na chesisi inabaki karibu kugusana na ekseli. Hapo inabidi kukata chesisi sehemu ya juu ya ekseli na kuiimarisha kwa sahani nene. Kazi hiyo nimeikataa mara nyingi. Welding ya chesisi ya gari la mzigo si ya kila mtu. Wengine wanatoa bapa moja au mbili. Gari linashuka, lakini na uwezo wa kubeba umeondoka nao, halafu mwenye gari anaendelea kupakia tani ileile.

Baada ya hapo alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, ni lazima, vinginevyo tairi za mbele zinaliwa upande wa ndani. Propela shafti, chuma kinachopeleka nguvu ya injini nyuma, inabadilisha pembe, ukisikia mtetemo usiuzoee. Na taa: ukishusha nyuma kuliko mbele, zinampiga mwenzako machoni.

Kuhusu breki, mwanzisha mada amesema kweli tupu. Wengi wetu mafundi tunakisahau kile kifimbo. Nakiri hilo mbele yenu.

Mama wa duka la vinywaji, Tegeta:

Mimi sijui mambo ya valvu. Kreti za soda zinapakiwa na watoto wa watu, na mmoja wao mgongo ulimshinda akaacha kazi. Mnapojadili kukamata magari, mkumbukeni na yeye. Yangu nitashusha inchi 2, nikiambiwa itafanywaje salama.

Dereva wa Kibaha:

Mama, hapo umenigusa. Sitabisha tena kuhusu inchi 2. Bado nauliza bima: ukibadilisha gari bila kuwaambia, siku ya ajali watalipa? Soma mkataba wako kwanza. Na kijana, wanaoinua pikapu mbona hatuwasemi?

Fundi wa Gerezani:

Swali zuri, na ubaya ni uleule umegeuzwa. Ukiinua gari, kifimbo kinavutwa, valvu inaamini gari ni tupu hata ukiwa na tani nzima. Breki za nyuma zinakuwa dhaifu, za mbele zinabeba kazi yote. Kwenye mteremko kama Kitonga, hizo za mbele zinachemka.

Mwanzisha mada:

Basi naona hoja yangu iongezwe: walioinua nao wapimwe. Ila fundi, nina swali moja. Kijana mmoja amenirekebishia kifimbo kwa jicho, amekisogeza kwa kiasi kilekile gari liliposhuka. Inatosha?

Fundi wa Gerezani:

Ingetosha kama springi zako zingebaki zilezile. Zikibadilishwa ugumu, mzigo uleule haulishushi tena gari kwa kiasi kilekile, na kifimbo kinasoma vibaya hata ukikipanga sawa likiwa tupu. Inabidi kufunga geji ya presha ya breki mbele na nyuma, kupima likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo. Wewe zako walitoa bapa?

Mwanzisha mada:

Walitoa moja kila upande.

Fundi wa Gerezani:

Lilete Jumamosi. Njoo na mitungi iliyojaa, usije tupu. Mpaka siku hiyo usiliendeshe kwenye mvua.