MJADALA: Rwasa alikosea 2010 aliposusa, au 2015 alipokubali kiti?

Mwisho wa Reli:
Wakuu, tangu matokeo ya Burundi ya Juni 2025 yatoke (chama tawala CNDD-FDD kimezoa viti vyote 100 vya kuchaguliwa, asilimia 96.51 ya kura), Agathon Rwasa anajadiliwa kana kwamba siasa kaanza juzi. Huyu aliiongoza Palipehutu-FNL, kundi la waasi lililokuja kuwa chama cha FNL, kuanzia 2001, akasaini kusitisha mapigano Dar es Salaam tarehe 7 Septemba 2006, akatoka msituni kabisa 2009, na 2015 hadi 2020 alikuwa Makamu wa Kwanza wa Spika. Sasa hana chama wala kiti. Wapi aliharibu? Leteni hoja zenye hesabu, maneno ya kijiweni tumeshayasikia.

Daftari la Kura:
Aliharibu 2010, na hesabu iko wazi.

Chini ya katiba ya 2005, sheria haikupita Burundi kwa wingi wa kawaida, ilihitaji theluthi mbili. Bunge la 2005 lilikuwa na wabunge 118, kwa hiyo theluthi mbili ni 79. CNDD-FDD walikuwa na 64. Maana yake kila muswada walilazimika kuubembeleza kwa vyama vya Frodebu au Uprona. Hiyo ndiyo breki iliyowekwa na Mkataba wa amani wa Arusha wa 2000.

Ikaja 2010. Uchaguzi wa tarafa tarehe 24 Mei: CNDD-FDD takriban asilimia 64, FNL asilimia 14.15, wa pili nchi nzima, mwaka mmoja tu baada ya kuandikishwa kama chama. Rwasa akalia wizi, akasusa yaliyobaki pamoja na wenzake wa upinzani. Bunge lililotoka lilikuwa na watu 106: CNDD-FDD 81, Uprona 17, Frodebu-Nyakuri 5, na Batwa 3 wanaoteuliwa kikatiba. Theluthi mbili ya 106 ni 71. Breki imeng'olewa, na aliyeing'oa ni upinzani wenyewe.

Buyenzi:
Mkuu Daftari, hesabu zako safi, ila umesoma ukurasa mmoja. Unadhani angeingia Bungeni angeingia na chama gani? Miezi michache tu baada ya kususa, kikundi ndani ya FNL kiliitisha kongamano, kikamvua uongozi, na wizara ya mambo ya ndani ikalitambua kongamano lile. Rwasa mwenyewe alishaukimbia mji, hakuonekana hadharani hadi Agosti 2013.

Burundi kuna neno la mchezo huu. Frodebu ilipopasuka, kipande kimoja kilijiita Nyakuri, yaani "wa kweli". Tangu hapo chama kikigawanywa na upande wenye usikivu kwa serikali ukapewa uhalali, watu husema kimefanyiwa "nyakurisation". Hatua zake ni zile zile. Kwanza wanajitokeza viongozi wachache wenye malalamiko ya kweli (kiongozi mbabe, fedha haziko wazi, vyeo vinagawiwa wandani). Pili wanaandika barua wizarani. Tatu wizara inasema mgogoro umezuia chama kufuata katiba yake. Nne linaitishwa kongamano linalopewa kibali na ulinzi wa polisi. Tano jina, nembo na mhuri vinahama. Wanachama wanabaki na picha ya kiongozi wao ukutani, lakini picha haisaini fomu ya mgombea.

Mwisho wa Reli:
Kwa hiyo malalamiko ni ya kweli? Hapo ndipo wengi mnaruka.

Buyenzi:
Mara nyingi ndiyo. Chama kilichozaliwa porini kina nidhamu ya porini: amri inatoka juu, anayehoji anaonekana msaliti. Hiyo ilimsaidia Rwasa kutunza watu miaka yote ile, na ndiyo hiyo hiyo iliyompa mpinzani wake mlango. Sikatai.

Kavimvira:
Samahani ndugu zangu, mnaongea viti na asilimia. Sisi wa upande wa Uvira, Kongo, tukisikia jina la Rwasa tunakumbuka Gatumba, Burundi karibu na mpaka wetu, tarehe 13 Agosti 2004. Kambi ya wakimbizi, wengi wao Banyamulenge (Watutsi wa Kongo), zaidi ya watu 150 waliuawa usiku mmoja. Msemaji wa FNL alikiri siku zile kuwa ni wao. Novemba 2006 ikatoka sheria ya kinga ya muda ya kutoshtakiwa kwa watu wa FNL ili wakae mezani. Muda gani? Mpaka leo hakuna hukumu iliyotoka. Kwa hiyo swali la "alikosea wapi" kwangu linaanzia kabla ya 2010.

Daftari la Kura:
Bwana Kavimvira, hilo haliwezi kufutwa na hoja yangu yoyote. Ila tazama linavyofanya kazi kisiasa: kinga ya muda ni kamba. Marais Nkurunziza na Ndayishimiye nao walitoka msituni, CNDD-FDD iliingia serikalini kwa makubaliano ya Novemba 2003. Aliyewahi kuingia akashika dola, jalada lake linalala. Aliyechelewa, jalada lake hutolewa vumbi kila anapotaka kugombea. Faili la Gatumba lilifufuliwa 2013, mwezi mmoja baada ya Rwasa kurudi. Wahanga hawakupata kitu, Rwasa alipata onyo.

Kavimvira:
Hapo umesema.

Mhesabu wa Tarafa:
Naongezea kitu kwa Daftari. Machi 2014 serikali ilipeleka Bungeni muswada wa kurekebisha katiba. Marekebisho yalihitaji nne ya tano. Nne ya tano ya 106 ni 84.8, yaani kura 85. Wakapata 84. Kura MOJA! Waliouzuia ni hasa wabunge wa Uprona, chama ambacho Rwasa alipigana nacho maisha yake yote. Sasa piga picha FNL ingekuwa na hata wabunge kumi mle ndani. Muswada usingethubutu kuletwa.

Buyenzi:
Na ulipokwama ikawaje? 2015 suala la muhula wa tatu wa Nkurunziza likapelekwa Mahakama ya Katiba, likapita. Tarehe 17 Mei 2018 katiba ikabadilishwa kwa kura ya maoni, Ndiyo asilimia 73 na ushee. Rwasa alizunguka akifanya kampeni ya Hapana akiwa na cheo cha Makamu wa Spika. Breki ya Daftari ikatolewa kwenye gari: sheria za kawaida sasa zinapita kwa wingi wa kawaida. Vilevile ile haki ya chama kilichovuka asilimia 5 ya kura kupewa mawaziri ikafutwa. 2015 muungano wake wa Amizero y'Abarundi uliingia serikalini kwa haki hiyo. 2020 CNL, chama chake kipya, ikapata wabunge 32 na haikupata waziri hata mmoja.

Mwisho wa Reli:
Turudi 2015 basi. Alisema uchaguzi si halali, akatangaza kujitoa, jina likabaki kwenye karatasi, akapata asilimia 18.99 dhidi ya 69.41 za Nkurunziza, kisha huyo Bungeni. Wakati huo huo watu wanavuka kuja kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kwa maelfu. Hamuoni kama aliwauza?

Mhesabu wa Tarafa:
Alipata viti 21 vya kuchaguliwa, 30 baada ya uteuzi wa kusawazisha makabila na wanawake. CNDD-FDD walifika 86 kati ya 121, na theluthi mbili ni 81. Kwa hiyo kura za Amizero hazikuzuia chochote. Nakubali hilo hata kama linaivunja hoja yangu kidogo.

Lakini kiti kilimpa vitu viwili visivyoandikwa kwenye matokeo: ulinzi wake binafsi, na ruhusa ya kuzunguka mikoani. Bila ile miaka mitano CNL isingezaliwa. Kumbuka alinyimwa kwanza jina la FNL-Amizero kwa sababu linafanana na FNL iliyopo, ile aliyonyang'anywa. Katiba mpya nayo ikapiga marufuku miungano ya wagombea binafsi. Februari 2019 ndipo akapata usajili wa CNL, na mwaka mmoja na miezi mitatu baadaye tume ya uchaguzi ikampa asilimia 24.19 za kura za urais. Chama cha miezi kumi na mitano!

Buyenzi:
"Ikampa" ndiyo neno. Alipeleka pingamizi Mahakama ya Katiba, likatupwa tarehe 4 Juni 2020. Siku nne baadaye Nkurunziza akafariki, mjadala wote ukazikwa naye. Ila angalia: mara hii Rwasa hakususa, hakurudi porini, hata vijana wake hakuwaita barabarani. Alifanya yote ambayo Daftari anasema angefanya 2010. Juni 2023 wizara ikasimamisha shughuli za CNL. Tarehe 10 Machi 2024 kongamano likafanyika Ngozi, mkoani kwake, akachaguliwa Nestor Girukwishaka. Hatua zile zile tano. Aliposusa alinyang'anywa chama, alipotii alinyang'anywa chama.

Daftari la Kura:
Hapo umenishika, ila si kabisa. 2010 alikuwa na karata ambayo 2023 hakuwa nayo: wapiganaji 3,500 walikuwa wametoka tu kuingizwa jeshini na polisi, wengine 5,000 wamerudishwa uraiani, na wapatanishi wa Afrika Kusini na Tanzania bado walikuwa na macho Bujumbura. Wakati ule kumnyang'anya chama akiwa na wabunge kungekuwa na gharama. 2024 nani angeuliza?

Kavimvira:
Na hao 3,500 waliobaki jeshini, siku ya kongamano la Ngozi walikuwa upande gani?

Buyenzi:
Upande wa mshahara, kaka.