Takwimu au macho: kiungo apimwe kwa kipi?

MtazamajiMakini:
Ndugu zangu wapenda soka, mimi na kaka yangu tuna ubishi usiokwisha kuhusu namna ya kumpima kiungo, yaani mchezaji wa katikati ya uwanja. Yeye hufungua takwimu kabla ya kuangalia mechi, na akikuta kiungo amefikisha zaidi ya asilimia 90 ya pasi zake, huhitimisha kwamba amecheza vizuri. Mimi niliangalia mechi moja ya namna hiyo tangu mwanzo hadi mwisho, nikamwona kiungo aliyesifiwa akirudisha mpira kwa mabeki karibu kila alipopata nafasi ya kugeuka. Hata hivyo sithubutu kusema kwamba macho yangu yanatosha, kwa maana kamera ya televisheni hufuata mpira, ilhali sehemu kubwa ya kazi ya kiungo mkabaji hufanyika mahali ambapo mpira haupo. Takwimu na macho vikipingana, ninyi huamini kipi?

PasiYaKupenya:
Ndugu, kuhusu asilimia ya pasi nakuunga mkono kabisa. Kipimo hicho huihesabu pasi ya mita tano kwa beki asiyebanwa sawasawa na pasi inayopenya mistari miwili ya wapinzani, yaani safu zao mbili za wachezaji, na kwa hiyo humwadhibu anayethubutu. Kiungo mshambuliaji Kevin De Bruyne, katika miaka yake bora Manchester City, alipoteza pasi nyingi kuliko Rodri aliyecheza nyuma yake, na hakuna aliyeielewa timu ile aliyeona jambo hilo kuwa dosari. Mwombe kaka yako atafute idadi ya pasi zilizousogeza mpira mbele, kisha ailinganishe na ya viungo wanaocheza nafasi ile ile, kwa kila dakika 90.

MkabajiWaZamani:
Naomba nitofautiane kidogo na muuliza swali, kwa heshima. Mwaka 2003 Real Madrid ilimuuza kiungo mkabaji Claude Makélélé kwa Chelsea, na rais wa klabu, Florentino Pérez, alimbeza hadharani kwamba ufundi wake ni wa wastani na kwamba pasi zake nyingi huenda nyuma au pembeni. Timu iliyokuwa imetoka kutwaa ubingwa wa Hispania msimu wa 2002/03 haikuupata tena hadi msimu wa 2006/07. Sidai kwamba kuondoka kwa mtu mmoja ndiko kulikoleta yote hayo, lakini angalia kosa lilipo: lawama aliyopewa Makélélé ni hiyo hiyo unayompa kiungo wako, na wewe umeifikia kwa macho. Pasi ya nyuma ni kosa pale tu ambapo mbele palikuwa na mwenzake aliye huru. Je, ulimwangalia huyo mwenzake, au uliangalia mpira ulikokwenda?

HesabuZaUwanja:
Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote hapa, nami naongeza lililo upande wa ukabaji, ambako takwimu hupotosha hata zaidi. Huwezi kumpokonya mpira mpinzani asiyekuwa nao. Msimu wa 2015/16 N'Golo Kanté aliongoza Ligi Kuu ya Uingereza kwa kupokonya mipira akiwa Leicester City, timu iliyochukua ubingwa huku ikiwaachia wapinzani mpira kwa muda mrefu. Alikuwa bora kweli, na mwaka uliofuata alichukua ubingwa tena akiwa Chelsea. Lakini kiungo mwingine wa ubora ule ule, katika timu inayokaa na mpira, angekuwa na idadi ndogo kwa kukosa tu nafasi za kupokonya. Gawanya kwanza kwa muda ambao wapinzani walikuwa na mpira.

Zaidi ya hapo, kupokonya mara nyingi kunaweza kuwa dalili ya kiungo anayefika amechelewa, kwani aliyesimama mahali sahihi humfanya mpinzani aghairi pasi, na pasi isiyopigwa haiandikwi popote. Kwa hilo tegemea macho, ila yape kazi maalumu: chagua mchezaji mmoja, mfuate kwa dakika kumi na tano bila kujali mpira uko wapi, na uhesabu mara anazogeuza kichwa kutazama nyuma ya mabega yake kabla ya kupokea. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, alichunguza jambo hilo hilo kwa kuwarekodi wachezaji kwa kamera za karibu, na Frank Lampard alikuwa miongoni mwa waliotazama pembeni mara nyingi zaidi.

MtazamajiMakini:
Nawashukuru sana. Nimerudia kipindi cha kwanza cha mechi ile nikimfuata yeye peke yake, na ninakiri kwamba katika pasi zake nyingi za nyuma, viungo wawili wa mbele walikuwa wamebanwa migongoni. Mara mbili tu, zote upande wa kushoto, beki wa pembeni alikuwa huru naye hakumtazama kabisa. Nimemtumia kaka yangu dakika za matukio hayo mawili, naye anatafuta idadi ya pasi alizopeleka upande huo katika mechi zilizopita.