Mfumo wa tiketi za boti unatupa majina ya abiria halafu unajibu 200!

Assalaam aleikum wana jukwaa. Nina hasira na sizifichi.

Ofisi yetu ipo Darajani, tunauza tiketi za boti za Pemba. Mfumo wetu umeandikwa kwa Python, wa kampuni ya boti ni C#. Sisi tunatuma jina_abiria, wao wanasoma JinaAbiria. Hapo sina ugomvi na mtu. Kila lugha ya programu ina mila zake, hata Java ina jinaAbiria yake, na kupatanisha majina hayo ni mistari michache tu.

Kinachonichoma ni kwamba seva yao ikiletewa fildi (kisanduku cha taarifa, kama jina au simu) isiyoijua hailalamiki. Inaitupa, inaacha patupu, kisha inajibu 200, namba ya jibu la seva yenye maana ya mambo sawa! Tiketi inatoka na kiti, bei na tarehe, penye jina peupe. Pesa ishakatwa. Mteja anafika bandarini Malindi alfajiri na mizigo yake, karani anaitazama tiketi, anakitazama kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, anamwambia kaa pembeni. Juzi ilimfika bibi mmoja aliyekuwa anarudi kwao Mkoani kutoka hospitali. Boti ikaondoka, yeye kabaki kwenye benchi. Na anayepigiwa simu na kutukanwa ni mimi.

Nimewaandikia. Jibu lao: "Kwetu inafanya kazi." Itaachaje kufanya kazi, na wanaijaribu kwa programu yao wenyewe, C# kwa C#?

Kuna mtu ataniambia niandike tafsiri upande wangu. Nimeshaandika, Pydantic, maktaba ya Python ya kupanga na kukagua data, inakuwezesha kuipa kila fildi lakabu ya kutokea nje. Ila hawa watu waligeuza NambariSimu ikawa SimuAbiria usiku mmoja bila ya kumwambia mtu, na seva ikanyamaza vilevile. Lakabu yangu itajuaje walichobadilisha wao?

Dawa iko kwao na hawataki kuinywa. Tangu .NET 8 ya mwaka 2023 (.NET ndiyo jukwaa la kuendeshea programu za C#), System.Text.Json, maktaba yake ya kusoma JSON, yaani muundo wa maandishi ambao mifumo hutumiana data, ina mpangilio uitwao JsonUnmappedMemberHandling. Ukiiweka Disallow, fildi ngeni inakataliwa papo hapo. Na jina la abiria waliwekee required, yaani la lazima, likikosekana tupate 400, namba ya kusema ombi lina kosa, kabla mteja hajakatwa hata shilingi. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja, jamani!

Halafu watoe hati ya OpenAPI, yaani maelezo rasmi ya namna ya kuongea na mfumo wao, yenye majina yote, kwa herufi kubwa na ndogo kama zilivyo, kwa sababu kwenye JSON JinaAbiria na jinaAbiria ni vitu viwili. Wakitaka kubadilisha, watoe toleo jipya na la zamani waliache lifanye kazi mpaka sote tuhamie.

Mawakala wenzangu mliounganishwa na mfumo huu, wa Unguja na wa Pemba, andikeni hapa fildi zinazowarudia tupu na tarehe zake. Nazikusanya, barua naipeleka ofisini kwao kwa mkono wiki hii.