Rubani wa bomu la nyuklia: alilindwa na hesabu, au alichezewa kamari?

Wakuu, kila tukijadili silaha za nyuklia hurudi hoja hii: anayedondosha bomu hana hatari, wataalamu wameshampigia hesabu. Naipinga.

Hiroshima, 6 Agosti 1945, ndiko hoja hiyo ina nguvu. Ndege ya rubani Mmarekani Paul Tibbets iliachia bomu kutoka mita 9,400 hivi, papo hapo akakata kona kali ya nyuzi 155 huku akishusha pua ya ndege ili apate kasi. Kona ilikuwa ya lazima. Bomu hutoka na mwendo wa ndege, kwa hiyo ukinyoosha moja kwa moja nalo linakwenda nawe, chini yako. Lilichukua kama sekunde 43 kulipuka. Wimbi la mshtuko lilipowafikia walikuwa kilomita 18 hivi. Ndege ikatikisika, haikuvunjika. Kwa kilotani 15, yaani nguvu ya tani 15,000 za baruti ya TNT, hesabu ilitosha.

Sasa njooni Novaya Zemlya, visiwa vya Wasovieti huko Aktiki, 30 Oktoba 1961. Rubani Andrei Durnovtsev na wenzake walibebeshwa bomu la tani 27, lenye nguvu ya megatani 50 (tani milioni 50 za TNT), zaidi ya mara 3,000 ya lile la Hiroshima. Hapo kona peke yake haiokoi mtu. Wasovieti walilifunga parachuti kubwa lichelewe kushuka, na ndege yao, Tu-95, ikapakwa rangi nyeupe ili irudishe mwanga na joto. Wakapata kama dakika tatu za kukimbia. Hata hivyo wimbi liliwakuta wakiwa zaidi ya kilomita 100, na ndege ikaporomoka karibu kilomita nzima kabla ya kutulia mikononi mwa rubani. Na bomu hilo lilibuniwa liwe la megatani 100! Lingelipuliwa hivyo, sioni wangerudije.

Wapo watakaosema walikuwa askari, na Durnovtsev alipewa nishani ya Shujaa wa Umoja wa Kisovieti. Lakini nishani ya juu namna hiyo hapewi mtu kwa safari salama. Waliompa walijua walimtuma wapi.

Wengine watauliza kwa nini niwahurumie marubani wakati maelfu kwa maelfu waliteketea Hiroshima bila hata dakika moja ya kukimbia. Siwaweki kwenye mizani moja, hata kidogo. Ninachokataa ni kuaminishwa kwamba silaha hii ni salama kwa anayeitumia, maana kiongozi akishaamini hivyo, kutoa amri kunakuwa rahisi.

Anayesema hesabu zilitosha, anieleze ile kilomita moja ya kuporomoka ilikuwa kwenye hesabu ya nani.