Kadi ya homa ya manjano bila sindano: tumwadhibu mnunuzi au tumfuate alipo?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Mwezi uliopita nilisafiri kwa basi kuelekea Lubumbashi kufuatilia mzigo. Tukiwa kwenye foleni ya mpaka mmoja, alikuja kishoka na kadi za njano, zile za kuonyesha umechanjwa homa ya manjano, ambazo tayari zimegongwa mhuri. Anachotaka ni jina lako, namba ya pasipoti na hela. Watu wanne mbele yangu walinunua. Hakuna hata mmoja aliyekunja mkono wa shati.

Nimekaa na jambo hili hadi leo. Wengi wetu tukisikia "manjano" tunafikiria homa ya ini, mtu akabadilika macho. Homa ya manjano ni kitu kingine. Ni kirusi kinachoenezwa na mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana, yule yule aliyetusambazia dengi Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Hakuna dawa ya kukiua kirusi hicho. Wengi hupona, ila kati ya wale inaowashika vibaya, karibu nusu hufa ndani ya siku saba hadi kumi. Kinga yake ni sindano moja tu, na inatosha maisha yako yote.

Shirika la Afya Duniani linaihesabu Tanzania kuwa nchi ambayo uwezekano wa kuambukizwa ni mdogo, na watoto wetu hawachanjwi kliniki. Lakini mbu tunaye. Kinachokosekana ni mtu wa kuleta kirusi: aliyeumwa huko aendako, akavuka na kadi ya kununua, akaja kulala siku tatu na homa Temeke huku mbu wakimla.

Hoja yangu: tusianze na mnunuzi. Serikali iweke dawati la chanjo mpakani, bure, saa zote, kwa madereva, matingo na wafanyabiashara wadogo. Kishoka atakosa mteja. Karibuni tujadili.

Mwongoza watalii, Arusha

Mkuu, kwa heshima zote sikubaliani. Kadi ya kughushi ni kughushi. Mtu anajua hajachomwa, anatia saini, anamdanganya afisa afya. Wewe unataka apelekewe huduma bure kama zawadi?

Kumbukeni Angola. Mlipuko ulianza Luanda mwishoni mwa 2015, ukavuka hadi Kongo, na kufikia mwisho wa 2016 nchi hizo mbili zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 900 waliothibitishwa. Wafanyakazi wa Kichina waliokuwa Angola waliondoka na ugonjwa, na China ikapata wagonjwa 11 wa kutoka nje. Kabla ya hapo bara la Asia halikuwahi kuthibitisha hata mmoja. Kenya nayo iliwapokea wagonjwa wawili waliotoka huko huko. Watu wale wote walivuka mipaka ambayo kadi ilipaswa kuangaliwa. Chanjo ilipungua duniani hadi Kinshasa, mwezi Agosti, watu zaidi ya milioni saba wakachomwa moja ya tano ya dozi ili iwatoshe.

Sheria ipo. Itumike kwa muuzaji na kwa mnunuzi.

Dereva wa masafa marefu

Ndugu mwongoza watalii, naomba unisikilize, maana mimi ndiye unayetaka kunifunga.

Nina miaka kumi na minne barabarani, Dar, Tunduma, Kasumbalesa hadi Kolwezi. Kongo wanadai kadi kwa kila anayeingia, na nikirudi Tunduma naulizwa tena kwa sababu natoka Kongo. Kadi yangu ni halali, nilichomwa. Ila nawajua wenzangu wasiochomwa na nitawaeleza kwa nini.

Tajiri anakupigia saa nne usiku: mzigo umepatikana, saa kumi na moja alfajiri uwe yadi. Ukimwambia huna kadi, anamchukua dereva mwingine. Vijana wenye leseni wamejaa getini. Sasa huyo kijana ana saa saba mkononi na kituo cha chanjo kimefungwa. Anaondoka, anategemea kishoka. Halafu hela ya kadi inatoka kwenye posho yake ya safari, siyo kwa tajiri. Tingo ndiyo kabisa, hata posho hana ya maana.

Sisemi tunafanya vizuri. Nasema ukimfunga huyu kijana, kesho alfajiri yule mwingine wa getini ataondoka vile vile.

Muuguzi mstaafu

Wanangu, wote mna ukweli, lakini kuna jambo la kitaalamu mmelipita.

Mleta mada, dawati la mpakani halitakusaidia kama unavyodhani. Cheti kinaanza kuhesabika siku ya kumi baada ya kuchomwa, kwa sababu mwili unahitaji siku hizo kutengeneza kinga. Ukimchoma mtu Tunduma asubuhi, jioni anavuka akiwa vile vile alivyokuja. Anayechomwa mpakani analindwa kwa safari inayofuata, siyo ya leo.

La pili, mnalalamika mkifika kituoni mnaambiwa mrudi siku fulani. Mnadhani ni uvivu. Chanjo hii huja ikiwa unga kwenye kichupa, na vichupa vingi ni vya dozi kumi. Ukishauchanganya na maji yake, una saa sita tu, kinachobaki kinamwagwa. Nikifungua kichupa kwa ajili ya mtu mmoja, nimemwaga kinga ya watu tisa. Na viwanda vilivyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani kuitengeneza ni vichache mno, Afrika tuna kimoja tu, Dakar. Ndiyo maana tunakusanya watu siku moja.

La tatu ni geni kwa wengi: tangu Julai 2016 cheti hakina mwisho. Zamani kilikuwa cha miaka kumi. Afisa akikwambia kadi yako ya 2009 imekufa, mwambie kwa adabu kwamba kanuni za afya za kimataifa zilibadilishwa.

Abu wa Tanga

Assalaam alaykum. Mimi nitawatolea mfano wa Hijja. Miaka ya 2000 na 2001 mahujaji walikumbwa na homa ya uti wa mgongo, wakarudi nayo makwao katika nchi nyingi. Saudia ikaongeza masharti: hakuna viza bila chanjo ya aina nne za vimelea, uwe umechomwa siku zisizopungua kumi kabla ya kufika.

Mwaka niliokwenda, hakuna aliyetafuta kishoka. Taasisi iliyotusafirisha ilitukusanya wote siku moja, muuguzi akaja, tukachomwa baada ya semina, kadi zikabaki kwa kiongozi wa msafara. Gharama ilikuwa ndani ya malipo ya safari. Wazee wa miaka sabini walifuata bila shida, kwa sababu jukumu alilibeba msafirishaji.

Kwa nini wenye malori wasifanye hivyo?

Mleta mada

Mama yangu muuguzi, nashukuru. Nimejifunza, na hoja ya dawati la mpakani naiondoa. Abu amenionyesha njia ninayoiona bora.

Msimamo wangu sasa ni huu. Kibali cha lori kubeba mzigo wa Kongo kiambatane na kadi za dereva na tingo, zilizothibitishwa na kituo zilikotolewa. Tajiri mwenye magari ishirini ana watu arobaini, hao ni vichupa vinne bila tone kumwagika. Alipe yeye. Akikutwa amempeleka mtu mwenye kadi ya uongo, faini iende kwa kampuni. Na kishoka na aliyempa mhuri, hao nakubaliana na ndugu wa Arusha, wakamatwe leo.

Mwongoza watalii, Arusha

Hapo kwa tajiri nakuunga mkono. Ila kuweni macho, tusiwape maafisa fimbo mpya. Machi 2012 Afrika Kusini iliwarudisha Wanaijeria 125 kwa madai ya kadi zao, Naijeria ikalipiza kwa kuwarudisha raia wa Afrika Kusini, hadi Pretoria ikaomba radhi. Kadi ile ile ya afya ikawa ugomvi wa mataifa mawili. Nataka sheria ikazwe, lakini uhakiki uwe kwenye kumbukumbu za kituo, siyo kwa afisa kuutazama mhuri na uso wa msafiri.

Mama vitenge

Nimesoma yote kimya. Mimi sina tajiri. Napanda basi, nachukua vitenge, narudi. Kadi yangu nilinunua, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshakata tiketi. Nina mtoto wa miezi saba, bado ananyonya. Nikienda sasa kuchomwa watanikamata kwa ile kadi? Na sindano haimdhuru mtoto?

Muuguzi mstaafu

Mwanangu, nenda kituoni, useme hujawahi kuchanjwa. Muuguzi kazi yake ni kukuchanja, siyo kukukamata. Ile kadi usiitoe tena popote.

Ila kabla hawajakuchoma, waambie umri wa mtoto na kwamba ananyonya. Chanjo hii ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na kwa mtoto aliye chini ya miezi tisa tunakuwa waangalifu. Daktari atapima: kama safari inaweza kusubiri miezi miwili, huenda akakwambia usubiri. Kama ana sababu ya kitabibu ya kutokuchanja, anaweza kukuandikia cheti cha kueleza hivyo, kanuni zinaruhusu. Hicho hakikukingi na mbu, lakini ni cha kweli. Hivyo hivyo kwa mwenye mzio mkali wa mayai, mwenye kinga ya mwili iliyoshuka, na mzee aliyevuka miaka sitini: semeni kwanza, mchomwe baadaye.

Safari yako ni lini?

Mama vitenge

Jumanne ijayo. Nitaahirisha.