Tumetoa maoni ya mpango wa mji mtandaoni, YAMEKWENDA WAPI? (Lamu)

Salamu alekum wakuu. Nina hasira, mtanivumilia.

Tulipata meseji: kuna mpango mpya wa mitaro na njia ya pwani, toeni maoni kwenye tovuti, hakuna haja ya mkutano. Nikasema afadhali, maana mikutanoni husema wale wale wanne mpaka soda ziishe.

Nikapanda darini, kwani huku Langoni chini vichochoroni mtandao ni bahati. Fomu yote Kiingereza. Inataka jina la barabara na namba ya nyumba. Namba! Sisi huelekezana kwa fulani, nyuma ya msikiti fulani. Kisha ikauliza natumia usafiri gani: gari, basi, pikipiki, baiskeli. Wallahi punda hayumo, wala mashua. Kisiwani! Nikabonyeza baiskeli ili nipite tu, na baiskeli sina.

Namba ya kuthibitisha ikaja kwa simu muda wake umeshakwisha. Mara tatu. Mjomba wangu mvuvi na mulika mwizi yake hata hapo asingefika, na mtaro unaotapika kila mvua ikinyesha uko mbele ya baraza yake.

Mwishowe: "Thank you". Basi. Huna namba ya kufuatilia, huoni wenzako wameandika nini. Juzi karatasi imebandikwa kwamba mpango umepita na wananchi "wameshirikishwa kikamilifu". Mtaro wa mjomba haumo.

Asiniambie mtu ndivyo mitandao ilivyo. Madrid, Hispania, tangu 2015 mkazi akiweka pendekezo kwenye tovuti ya jiji, watu wote wanaliona na waliomuunga mkono wanahesabika hadharani. Programu ya tovuti yenyewe ni ya bure, yeyote aichukue. Na hapa kwetu leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi ilifutwa Juni 2019, sababu mojawapo ni hiyo hiyo ya kutowashirikisha watu ipasavyo. Hawa wenye mpango wa mitaro wamesahau au wanatuona sisi ndio tumesahau?

Nimepeleka barua, ya karatasi, nikidai kuonyeshwa maoni yote yaliyopokelewa. Ibara ya 35 ya Katiba inanipa haki hiyo. Karani kaniuliza kwa nini sikutuma kupitia tovuti.

Nani mwingine alijaza? Shela, Wiyoni, Mkomani, semeni. Mwenye picha ya ile fomu aiweke hapa, hasa ule ukurasa wa usafiri.