Ule ukimya kwenye Mansfield Park, naujengea vipi hoja?

Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni. Naomba ushauri, nasoma Mansfield Park, riwaya ya Jane Austen ya 1814, kwa ajili ya insha ya chuo na nimekwama kabisa. Sir Thomas, mwenye jumba la Mansfield Park, ana mali Antigua, kisiwa cha Karibiani kilichokuwa koloni la Uingereza, anakaa huko muda mrefu, sasa akisharudi Fanny, mpwa wa mkewe anayelelewa hapo, anamwambia Edmund, mtoto wa Sir Thomas, kwamba jana usiku si ulinisikia nikimuuliza kuhusu biashara ya watumwa, na pale kukawa kimyaa, binamu zake wamekaa tu hawasemi neno. Basi, imeishia hapo! Mimi pale ndo moyo ulinishika, ukurasa ule nimeurudia kama mara nne.

Uingereza ilipiga marufuku hiyo biashara 1807 ila utumwa wenyewe kwenye makoloni uliendelea mpaka sheria ya 1833, kwa hiyo miwa ya Antigua bado ililimwa na watumwa. Nimejaribu kuanza na historia nikajikuta naandika historia tupu, nikarudi kwenye riwaya peke yake insha ikapwaya.

Sasa nyie mliosoma fasihi, nianze na kipi? Na ule ukimya unabeba insha nzima au ni ushahidi mdogo mno?